ARDHI HAIKATWI KWA PANGA

Kila vita vya Waisraeli na Wapalestina vinapotangazwa, darasani huzuka mabishano. Huyu upande huu, yule upande ule, kengele yalia na hatujasikizana. Mimi nauliza: hivi sisi wa Kisauni na Likoni twahitaji kwenda mpaka Gaza kujua ugomvi wa ardhi?

Tazameni hapa Mjambere. Kuna wengi ambao nyumba ni yao lakini kiwanja ni cha mwingine. Ukiuliza ardhi ni ya nani, mmoja atakutolea hati, mwenzake atakuonyesha makaburi ya babu zake na minazi waliyoipanda. Na jamani, wote wawili hawasemi uongo! Hapo ndipo penye kazi.

Chanzo chake twakijua. Mwaka 1908 Mwingereza alitoa sheria kwamba kila mwenye ardhi Pwani aandikishe dai lake. Ambayo haikuandikishwa ikawa ya Serikali. Wengi, hasa Wamijikenda, hawakuandikisha, wakajikuta maskwota kwao wenyewe. Mwingereza huyo huyo mwaka 1903 alitaka kuwapa Wayahudi ardhi Uasin Gishu, hapa hapa Kenya, bila ya kuwauliza wenyeji. Mkutano wa Wayahudi ukakataa mwaka 1905. Mwaka 1917 akawaahidi makao Palestina, ambako Waarabu walikuwa wakiishi tayari. Wayahudi nao walikuwa wakikimbia kuuawa huko Ulaya. Mgawaji akaondoka, waliogawiwa na walionyang'anywa wakabaki kuumana.

Je, panga limesaidia nini? Agosti 1997 Likoni ilivamiwa. Watu wa bara waliuawa, wakachomewa nyumba, maelfu wakakimbia.   Wakaazi wa shamba la Waitiki, ekari 930 pale Likoni, walipata hati Januari 2016, baada ya Serikali kukubali kumlipa mwenye shamba. Aliyenunua hakupokonywa bure, na aliyekaa hakufukuzwa.

Wengine watasema mwenye hati ndiye mwenye haki, basi. Mimi sikubali. Hati hutokana na sheria, na sheria ya 1908 haikuwa ya haki. Lakini pia sikubali kwamba aliyenunua kwa jasho lake ni mwizi kwa sababu tu kwao ni bara.

Huko Mashariki ya Kati nako walijaribu. Septemba 13, 1993 Rabin na Arafat walipeana mikono kule Marekani. Miaka miwili baadaye Rabin akauawa na Myahudi mwenziwe aliyepinga mapatano, na Wapalestina waliopinga nao walilipua mabasi. Makaazi ya Waisraeli yakazidi kujengwa katika ardhi ile ile iliyokuwa ikijadiliwa. Oktoba 7, 2023 watu kama 1,200 waliuawa Israeli, kisha makumi ya maelfu wakaangamia Gaza. Fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi.

Kwa maoni yangu, amani yawezekana, lakini haiji kwa mikono ya wakubwa peke yao. Itakuja siku mwenye hati atakapokubali kuyatazama makaburi, na mwenye makaburi akubali kuisoma hati. Sisi tunaoketi dawati moja, mpwani na mbara, tuanze leo. Tubishane, lakini tusikizane.

Hapo natua kalamu.