Ombi la Uraia Si Uraia



Kutoka Nyakanazi barabara inakwenda hadi Rusumo, mpakani na Rwanda. Ukikata kona Benaco unafika Ngara na Kabanga, mpakani na Burundi. Safari si ndefu, na ndugu wengi wako huko. Lakini kama umemwombea mwanao uraia wa Tanzania na cheti hakijatoka, usimvushe haraka.

Stakabadhi ya ombi si pasi. Mpaka cheti kitoke, mtoto ni mgeni kwa sheria, hata kama wewe mzazi umekwisha pata chako. Avuke kwa hati yake mwenyewe, na kibali chake cha kukaa Tanzania kiwe hai siku ya kurudi. Bila hivyo mama anaweza kupita, mtoto akazuiwa ng'ambo.

Najua kusubiri kunachosha. Wakimbizi wa Burundi waliokuja 1972 waliomba uraia 2008. Zaidi ya 160,000 walikubaliwa, lakini vyeti vilianza kutolewa 2014. Miaka 6! Sisi wakulima tumezoea kungoja mahindi miezi minne tu. Katika muda huo misiba hutokea.

Ukipata msiba, pita kwanza Ofisi ya Uhamiaji ya wilaya. Chukua cheti cha kuzaliwa cha mtoto na karatasi zote za ombi. Uliza kabla hujakata tikiti ya basi.