Mizani ya Zabuni Iwekwe Hadharani

Wazee wetu waliopiga kura mwaka 1988 hawajausahau mlolongo. Mwananchi alisimama nyuma ya mgombea wake mchana kweupe, mistari ikaonekana na kila mwenye macho, kisha katika sehemu kadhaa za nchi afisa wa serikali akatangaza kwamba mstari mfupi umeushinda mrefu. Viongozi wa makanisa waliokemea uovu ule walitukanwa na kuitwa wachochezi. Hata hivyo hawakunyamaza. Desemba 1990 mlolongo uliondolewa, na mwaka uliofuata kifungu cha 2A kikafutwa, vyama vingi vikarejea.

Leo mpiga kura huweka kidole juu ya kifaa, na kifaa ndicho kinachomtambua. Lakini kabla kidole hicho hakijawekwa, makampuni hupanga mlolongo wao kugombea kandarasi ya kuuza vifaa hivyo na kuvitunza. Mlolongo huo haupangwi uwanjani. Huhesabiwa na kamati ya tathmini ndani ya chumba kilichofungwa, na raia hutangaziwa jina la mshindi tu. Ndiyo maana gazeti hili linasema: uchaguzi huru huanza katika tathmini ya zabuni, na mahali hapo bado hapajaonja mageuzi.

Tuitazame historia bila chuki. Mwaka 2012 Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka iliifuta zabuni ya vifaa vya kuwaandikisha wapiga kura. Serikali ikaingia makubaliano na Kanada, na vifaa 15,000 vikaletwa na kampuni ya kundi la Safran la Ufaransa. Ikaja zabuni ya vifaa vya kuwatambua wapiga kura vituoni. Makampuni yaliyoshindwa yalilalamika mbele ya Bodi ya Mapitio ya Ununuzi wa Umma. Bodi iliona kasoro, lakini haikuufuta uamuzi kwa kuwa uchaguzi ulikuwa umebisha hodi. Machi 4, 2013 vifaa hivyo vilizima na kukwama katika vituo vingi, makarani wakarudia daftari la karatasi. Mahakama ya Juu yenyewe ilipendekeza ununuzi ule uchunguzwe.

Je, tulijifunza? Mwaka 2017 zabuni ya mfumo wa KIEMS nayo ilifutwa, na miezi michache kabla ya kura ya Agosti 8 kazi ikapewa Safran moja kwa moja, pasipo ushindani. Septemba 1 Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa urais, na miongoni mwa sababu ni kwamba Tume haikufungua kompyuta zake kuu kama ilivyoamriwa.

Hatudai kwamba kila aliyeketi katika kamati hizo ni mla rushwa. Tunachosema ni kwamba mtindo ni ule ule: zabuni huchelewa, mabishano huzuka, na hatimaye wananchi huambiwa kwamba muda umekwisha. Haraka imegeuzwa kuwa hakimu.

Ni vyema msomaji aelewe jinsi mizani hii inavyoweza kuinamishwa. Kwanza hukaguliwa hati za lazima. Kampuni iliyokosa karatasi moja hutolewa. Pili hutolewa alama za ufundi: uzoefu, wataalamu, uwezo wa mitambo. Asiyefikisha alama zilizowekwa, bei yake haifikiriwi kamwe, hata ingekuwa nafuu kuliko zote. Kwa hiyo mwenye kuandika masharti ndiye mwenye nguvu. Masharti yakishonwa kama kanzu kwa kipimo cha mtu mmoja, wengine wote yatawapwaya, na kila kitu kitaonekana kimefuata sheria.

Kifungu cha 227 cha Katiba ya 2010 kinataka ununuzi wa umma uwe wa haki, wa usawa, wa wazi, wa ushindani na wa gharama inayofaa. Lakini Sheria ya Ununuzi ya 2015, katika kifungu cha 67, inakataza kufichuliwa kwa habari za tathmini, hata baada ya kazi kwisha. Kifungu cha 167 kinawaruhusu wazabuni peke yao kwenda mbele ya Bodi. Raia ambaye kodi yake ndiyo inayolipa, na ambaye kura yake ndiyo inayohesabiwa, hana kiti pale.

Na ugonjwa huu hauko katika ofisi moja. Mwaka 2025 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alieleza kwamba mfumo wa kompyuta wa bima mpya ya afya, wa shilingi bilioni 104.8, ulinunuliwa bila ushindani wa wazi, na kwamba serikali haiumiliki.

Wako watakaosema kwamba kuanika tathmini kutafichua siri za biashara na kuhatarisha usalama wa mitambo. La hasha! Nywila na ufundi wa ndani wa mitambo vifichwe. Alama alizopewa kila mzabuni, sababu zake na bei yake si siri ya mtu. Mficha uchi hazai.

Tunadai mambo manne. Mosi, masharti ya kila zabuni ya uchaguzi yachapishwe yangali rasimu, vyama na raia wayatolee maoni. Pili, ripoti ya tathmini itangazwe kabla ya kandarasi kutiwa sahihi, na Bunge lirekebishe kifungu cha 67. Tatu, raia aruhusiwe kulalamika mbele ya Bodi. Nne, tathmini ikamilike mapema. Sheria inatoa siku 14 za kulalamika, 21 za Bodi kuamua, 14 za kwenda Mahakama Kuu, 45 za hukumu, 7 za kukata rufaa na 45 za Mahakama ya Rufani. Jumla ni siku 146, karibu miezi mitano. Kandarasi ya uchaguzi wa Agosti 10, 2027 isiyoacha nafasi ya siku hizo imekwisha kumnyima mlalamishi haki yake.

Ndugu zetu wa Magarini, waliorudi vituoni Novemba 27, 2025 baada ya mahakama kubatilisha matokeo ya ubunge ya 2022, wanaijua gharama ya uchaguzi wenye dosari. Asiyeziba ufa hujenga ukuta.

Basi tusingoje Nairobi. Kila parokia, kila usharika na kila kikundi cha wapenda mageuzi, kuanzia Malindi na Magarini hadi Ganze, Kaloleni na Rabai, kiandikie Tume barua kwa mujibu wa kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016, kidai masharti na matokeo ya tathmini. Tume inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Ikikataa, Mahakama Kuu ipo hapa hapa Malindi, na Katiba inampa kila mtu haki ya kuingia humo kuitetea. Manabii wa Maandiko hawakuona kuwa mizani ya udanganyifu sokoni ni jambo dogo lisilostahili kukemewa. Sisi nasi tusiione ndogo mizani inayopimia kura zetu.