Chura Aliyeimba Kweli

Katuni ya One Froggy Evening, aliyoiongoza Bwana Chuck Jones huko Marekani mwaka 1955, huchukua dakika 7 hivi. Mbomoaji wa majumba anakuta kisanduku ndani ya jiwe la msingi; anatoka chura mwenye kofia na bakora, aimbaye na kucheza kama bingwa! Lakini mbele ya watu hulegea, akalia kichura tu. Bwana yule anamaliza akiba yake kukodi ukumbi, na watu hawaji mpaka watangaziwe bia ya bure. Mwishowe adhaniwa mwenda wazimu. Twacheka, nami namwonea huruma, maana hakusema uwongo. Anamfukia chura katika jiwe la jumba jipya. Mwaka 2056, katika picha hiyo, mwingine anamfukua, naye anaondoka naye mbio akichekelea.