Maji Safi Yataka Chombo Safi



Sisi tunaokaa Kigoma, Ujiji na vijiji vya mwambao hatuna uhaba wa maji ya kutazama. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi mahali penye kina kirefu kabisa. Duniani kote ni Ziwa Baikal la Urusi tu linalolizidi kwa kina. Nchi nne zinapakana na ziwa hili: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Tena wako wenzetu wanaopata maji ya bomba, ya kisima na ya mvua.

Lakini mtu hanywi ziwa, wala hanywi bomba. Anakunywa maji yaliyolala nyumbani mwake, ndani ya dumu, ndoo, mtungi, pipa au tangi. Maji yakitoka safi bombani yakaingia katika chombo kichafu, yanayofika mdomoni ni machafu.

Maoni yangu ni haya: tunahangaika sana na mahali pa kuchota maji, lakini tunasahau mahali pa kuyaweka.

Tukumbuke Kagunga

Wingi wa maji peke yake hauokoi mtu. Mwaka 2015 ndugu zetu wengi wa Burundi walikimbia vurugu nchini mwao. Maelfu kwa maelfu walifikia Kagunga, kijiji cha wavuvi kilicho karibu na mpaka. Watu walikuwa wengi, vyoo vichache, na maji salama hayakutosha. Kipindupindu kikaingia. Mwezi wa Mei mwaka huo taarifa za Umoja wa Mataifa zilitaja wagonjwa wapatao 3,000 na vifo 31. Wengi wa waliokufa walikuwa wakimbizi, lakini wenyeji nao walipoteza watu.

Watu hao walikuwa kando ya ziwa lenye maji mengi kupita kiasi. Hata hivyo maji yaliyochafuka yaliwaua. Wakimbizi wale hawakuwa na nafasi ya kuchagua. Sisi tulio majumbani mwetu tunayo nafasi hiyo. Je, tunaitumia?

Harufu ina sababu

Ingiza mkono uliooshwa ndani ya pipa lako, upitishe kidole ukutani mwake. Pakiteleza, huo ni ukoga. Ndani ya ukoga vijidudu hujishikiza na kuzaana. Kusuuza kwa maji matupu hakuuondoi. Ni lazima usuguliwe.

Maji yanayonuka yanakwambia jambo. Yakinuka tope, pengine mchanga na majani yametulia chini na kuoza. Yakiwa na rangi ya kijani, jua limepenya plastiki nyembamba na kuotesha mimea midogo ya majini. Yakiwa na shombo, huenda mtu ametoka kupaa samaki au kuanika dagaa, akachovya kikombe bila kunawa.

Iko na harufu ya mawese. Mkoa wetu unasifika kwa mawese, na madumu ya mawese ni mengi. Mtu hulinunua dumu kuukuu akalitilia maji. Mafuta hushika katika plastiki, na harufu yake huganda. Dumu la mawese libaki la mawese. Ama dumu lililowekwa petroli, dizeli, rangi au dawa ya kuulia wadudu, hilo lisitiwe maji ya kunywa kamwe, hata likioshwa mara kumi.

Lakini tusidanganyike. Maji yasiyonuka yanaweza kuwa na vijidudu vya kipindupindu au vya homa ya matumbo. Wako watu wanaofukiza mtungi kwa ubani ili maji yanukie vizuri. Ni desturi nzuri, mradi mtungi umeoshwa kwanza. Ubani huleta harufu nzuri, hauondoi ukoga.

Majibu ya wanaopinga

Wako wanaosema, "Wazee wetu walikunywa maji haya haya, hawakufa." Ndugu, walikufa. Watoto wengi walikufa kwa kuharisha, na sababu haikujulikana. Tena siku hizi tumeongezeka. Vyoo na takataka zetu viko karibu zaidi na maji kuliko zamani.

Wengine wanasema, "Mimi natia dawa ya maji, inatosha." Dawa hiyo ni nzuri, endelea kuitumia. Lakini klorini iliyomo hupambana na uchafu wowote inaoukuta. Ikikuta ukoga mwingi na tope, nguvu yake huishia hapo, na vijidudu hubaki. Hata maji yaliyochemshwa huharibika tena yakimiminwa katika chombo kichafu.

Wengine, na hasa sisi wanaume, husema, "Kuosha vyombo ni kazi ya mama." Hapo mimi sikubaliani kabisa. Mama huchota, hubeba, huchemsha na kugawa maji. Baba hunywa tu. Pipa la lita 200 ni zito kulipindua. Tangi la lita 1,000 linahitaji ngazi na mikono yenye nguvu. Anayekunywa na aoshe.

Namna ya kuosha

Dumu na ndoo vioshwe kwa sabuni angalau mara moja kwa juma. Mdomo wa dumu ni mwembamba, mkono haupiti. Basi tia vikokoto vidogo vilivyooshwa, maji kidogo na sabuni, kisha tikisa kwa nguvu. Mwaga, suuza mpaka povu liishe. Usisahau mfuniko. Wengi huosha dumu, mfuniko wakauacha na uchafu wake.

Pipa na tangi vioshwe hivi:

1. Chagua siku ambayo maji yamekaribia kwisha. Mwaga yaliyobaki.
2. Sugua chini, pembeni na kifunikoni kwa brashi yenye mpini mrefu na sabuni. Usimwingize mtoto ndani ya tangi. Tangi la chini ya ardhi linaweza kukosa hewa nzuri, na mtu asiingie humo akiwa peke yake.
3. Suuza mpaka povu liishe. Maji mengine yatoke kwa njia ya bomba la tangi, ili nalo lisafike.
4. Jaza maji, utie dawa ya klorini ya maji inayotumika kung'arisha nguo nyeupe, isiyotiwa manukato. Dumu la lita 20 litie vijiko vinne vya chai. Pipa la lita 200 litie kikombe kimoja cha chai kilichojaa. Tangi la lita 1,000 litie lita moja.
5. Fungua bomba la tangi mpaka usikie harufu ya dawa, kisha lifunge. Acha mpaka kesho yake.
6. Mwaga maji hayo yote mbali na mimea na mbali na ziwa. Suuza tena mpaka harufu iishe. Ndipo ujaze maji ya kunywa.

Zingatia sana: maji ya hatua ya nne ni ya kuoshea, si ya kunywa. Usichanganye klorini na siki, wala na dawa nyingine ya kusafishia, kwa sababu hutoa hewa yenye sumu. Weka dawa hiyo mahali ambapo watoto hawafiki. Dawa ya kutia katika maji ya kunywa ni nyingine. Hiyo ifuate maandishi yaliyo kwenye chupa au pakiti yake.

Baada ya kuosha, funika. Chota kwa kata yenye mpini, au fungulia bomba. Usichovye kikombe wala mkono. Tangi la mvua lioshwe kabla ya masika kuanza, na maji ya mvua ya kwanza yaachwe yamwagike, kwa kuwa yanaosha vumbi na kinyesi cha ndege juu ya bati.

Kalamu yako ina kazi

Mwaka 1973 wananchi wapatao milioni mbili walijiunga na vikundi vya kujifunza katika kampeni ya Mtu ni Afya. Walisikiliza redio, wakasoma, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo. Walifanya waliyoyasoma. Hayo ndiyo manufaa ya kisomo.

Wewe nawe sasa unajua kusoma na kuandika. Basi chukua chaki au kipande cha mkaa, uandike juu ya pipa lako: "Limeoshwa tarehe fulani." Pipa lioshwe kila juma. Tangi kubwa lisipite miezi mitatu. Kichwa husahau, lakini maandishi hayasahau. Mgeni akija ataona, na mwanao akitoka shule atasoma.

Tufanye hivyo pia kwa tangi la shule, la zahanati, la msikiti, la kanisa na la soko. Chombo cha watu wote mara nyingi hakina mwoshaji. Kila mmoja humngoja mwenzake. Serikali ya kijiji na ipange siku na zamu, majina yaandikwe na kubandikwa mahali pa wazi. Wavuvi na wenye maboti ya abiria nao waoshe madumu ya maji ya safari, maana huko katikati ya ziwa zahanati iko mbali.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sabuni na brashi ni bei ndogo. Mtoto anayeharisha usiku hukausha maji ya mwili upesi, na maboti hayaendi kila saa. Nenda leo ukatazame pipa lako.

Maswali ya kujadiliana

1. Nyumbani kwako nani huosha chombo cha maji? Nani hunywa?
2. Tangi la watu wote kijijini petu lilioshwa lini mara ya mwisho? Nani anajua?
3. Andika sentensi moja utakayoiweka juu ya pipa lako.