Nyota majeruhi au mzima asiye na jina? Kitendawili cha makocha wa fainali Australia

FAINALI ya Ligi ya Kandanda ya Australia (AFL) kwa kawaida huchezwa Jumamosi ya mwisho ya Septemba, lakini vita vyake vya kwanza hupiganwa siku mbili mapema. Alhamisi jioni, makocha wa timu mbili zilizosalia hutangaza vikosi vyao, na mjadala unaozuka huchukua nafasi ya habari nyingine zote jijini Melbourne.

Orodha hizo hufichua mambo mawili: jinsi kocha anavyokusudia kucheza, na kile anachokiogopa. Swali linalorejea karibu kila mwaka ni lile lile. Je, nyota aliyeibeba timu msimu mzima na sasa anachechemea apewe nafasi, au aachwe nje ili mwenzake asiye na jina, lakini mwenye mwili mzima, aingie?

Fainali kadhaa za miaka ya karibuni zinaonyesha kwamba makocha waliotanguliza jukumu na afya wamevuna zaidi ya wale waliotanguliza sifa. Hata hivyo, gharama ya uamuzi huo humwangukia zaidi mchezaji.

Mchezo wenyewe haufahamiki sana katika eneo la Afrika Mashariki. Kila upande huingiza wachezaji 18 katika uwanja wenye umbo la yai, ambapo mpira hupigwa teke, hudakwa hewani au hupitishwa kwa mwenzako kwa kuugonga ngumi. Mpira uliopigwa teke ukapita kati ya milingoti miwili mirefu huleta pointi sita. Ukipita kando, kati ya mlingoti mrefu na mfupi, ni pointi moja tu.

Mechi ina robo nne, kila moja ya dakika 20, bila kuhesabu muda unaofidiwa mpira unaposimama. Hakuna sheria ya kuotea, hivyo mchezaji hana mahali pa kujificha. Kiungo anaweza kukimbia zaidi ya kilomita 12 katika mechi moja, huku akigongwa na kuangushwa mara kwa mara. Mwenye jeraha dogo siku ya Alhamisi huweza kuwa mzigo mkubwa kwa wenzake ifikapo robo ya tatu siku ya Jumamosi.

Wakenya wana sababu yao ya kuufuatilia mjadala huu. Aliir Aliir, mmoja wa walinzi mashuhuri wa ligi hiyo, alizaliwa mwaka 1994 katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Turkana, katika familia iliyokuwa imekimbia vita nchini Sudan. Familia hiyo baadaye ilihamia Australia. Mwaka 2013 aliteuliwa na klabu ya Sydney Swans, na mwaka 2016 akacheza mechi yake ya kwanza ya ligi kuu.

Katika msimu huo huo wa kwanza, Aliir alijipatia nafasi katika safu ya ulinzi, na Sydney ikafika fainali. Lakini jeraha la goti lilimzuia kucheza. Alibaki kutazama wenzake wakilazwa na Western Bulldogs kwa pointi 89-67.

Upande wa pili wa uwanja kulikuwa na mwingine aliyekosa siku hiyo. Nahodha wa Bulldogs, Robert Murphy, alikuwa ameumia goti mapema katika msimu. Baada ya ushindi, kocha Luke Beveridge alimwita jukwaani akamvisha medali aliyokuwa amekabidhiwa yeye mwenyewe kama kocha wa mabingwa.

Kitendo hicho kinaeleweka vizuri zaidi mtu akijua kanuni ya ligi hiyo: medali ya ubingwa hupewa wachezaji walio kikosini siku ya fainali pekee. Aliyecheza mechi zote za msimu akakosa ile ya mwisho hurudi nyumbani mikono mitupu. Kwa sababu hiyo, jina linapokatwa siku ya Alhamisi, mchezaji hupoteza kitu ambacho huenda asikipate tena maishani.

Mgeni wa 2019

Mfano unaotajwa sana ni wa mwaka 2019, Richmond ilipojiandaa kukabiliana na Greater Western Sydney (GWS). Katika nusu fainali dhidi ya Geelong, kiungo Jack Graham wa Richmond aliteguka bega. Graham hakuwa mtu wa kupuuzwa. Miaka miwili awali, akiwa katika mechi yake ya tano tu ya ligi, alikuwa ametia kimiani mabao matatu katika fainali iliyoipa klabu hiyo ubingwa.

Kocha Damien Hardwick alimwacha nje na kumwita Marlion Pickett, mwenye umri wa miaka 27, ambaye hakuwa amecheza mechi hata moja ya AFL. Mara ya mwisho kwa mchezaji kuanza maisha yake ya ligi katika fainali ilikuwa mwaka 1952.

Waliodhani huo ulikuwa mchezo wa kamari hawakuwa wametazama mechi ya wiki iliyotangulia. Pickett alikuwa ametuzwa mchezaji bora wa fainali ya ligi ya Victoria, ambako kikosi cha pili cha Richmond kilitwaa kombe. Mwili wake ulikuwa mzima, na mfumo wa klabu aliujua. Richmond ya miaka hiyo ilipenda kuusukuma mpira mbele kwa njia yoyote, kisha kuwazingira wapinzani katika nusu yao hadi wakosee. Mfumo wa namna hiyo huhitaji watu wa kukimbia na kukaba bila kuchoka, wala haujali sana ukubwa wa jina.

Kwa upande wake, GWS iliyofika fainali kwa mara ya kwanza ilirejesha vigogo. Lachie Whitfield alirudi baada ya upasuaji wa kuondoa kidole tumbo. Toby Greene alirudi kutoka marufuku ya mechi moja. Nahodha Phil Davis aliingia kigimbi chake kikiwa bado kinatiliwa shaka. Ni Stephen Coniglio pekee aliyeachwa nje, baada ya goti lake kukosa kuwaridhisha waliompima.

Richmond iliibuka na ushindi wa pointi 114-25 mbele ya mashabiki 100,014. Pickett aligusa mpira mara 22 na kufunga bao. Itakuwa kosa kudai kwamba uteuzi pekee ulileta pengo la pointi 89, kwani Jack Riewoldt alifunga mabao matano naye Dustin Martin manne, na Richmond ilikuwa na uzoefu mkubwa zaidi wa mechi za aina hiyo. Lakini hakuna aliyeuliza tena kwa nini mgeni alipewa jezi.

Kazi isiyoonekana

Mwaka 2023, Collingwood ilikumbwa na tatizo kama hilo. Mshambulizi Dan McStay aliumia goti katika nusu fainali, na hivyo akakosa kukutana na Brisbane Lions, klabu yake ya zamani. Kocha Craig McRae angeweza kutafuta mfungaji mwingine. Badala yake alimchagua Billy Frampton, aliyekuwa amecheza zaidi kama mlinzi, akampeleka mbele.

Ufunguo wa uamuzi huo ulikuwa Harris Andrews, mlinzi mrefu wa Brisbane, hodari wa kuiacha nafasi yake na kwenda kuudaka au kuugonga mpira unaoelekezwa kwa mshambulizi mwingine. Frampton alitakiwa kumganda popote aendapo, ili Andrews ashughulike naye badala ya kuvunja mashambulizi ya wengine. Takwimu zake hazikumvutia mtu. Hata hivyo, Bobby Hill alipata nafasi ya kufunga mabao manne, na Collingwood ikatwaa kombe kwa pointi 90-86.

Katika mechi iliyoamuliwa kwa pointi nne, kazi ya mtu kama huyo haiwezi kudharauliwa. McRae alikuwa amejiuliza ni nani katika timu pinzani anayeweza kumharibia mipango, akateua mtu wa kumzuia.

Mwaka uliofuata mambo yalikwenda kinyume kwa Sydney. Mshambulizi Logan McDonald alikuwa ameumia kifundo cha mguu, lakini akapewa nafasi katika fainali dhidi ya Brisbane. Aliondolewa kabla ya mechi kumalizika bila kuacha alama yoyote, na Sydney ikanyukwa pointi 120-60. Brisbane nayo ilikuwa na jeraha lake: Oscar McInerney, mchezaji mrefu wa kuwania mipira ya kurushwa, alikuwa ameteguka bega. Kocha Chris Fagan alimweka kando na kumwingiza Darcy Fort. Ndivyo Fort alivyovalishwa medali, huku McInerney, aliyehangaika msimu mzima, akiikosa.

Mwaka 2025, Fagan alibuni njia ya katikati. Lachie Neale, mshindi mara mbili wa tuzo ya mchezaji bora wa ligi, aliumia kigimbi katika mechi ya kwanza ya mchujo. Ilipowadia fainali dhidi ya Geelong, kocha hakumwacha nje wala hakumwanzisha. Alimtaja kuwa mchezaji wa akiba, akimhifadhi kwa sehemu ya mechi ambayo mguu wake ungeweza kuistahimili. Neale aliingia, na Brisbane ikahifadhi kombe kwa pointi 122-75.

Nani aamue?

Wapo watakaouliza kama si haki ya mwanamichezo kuamua juu ya mwili wake mwenyewe. Wao humtaja Nigel Lappin, aliyecheza fainali ya 2003 akiwa na mbavu zilizovunjika. Brisbane ilishinda Collingwood kwa pointi 50, na Lappin akapata medali yake. Lakini iligunduliwa baadaye kwamba pafu lake lilikuwa limetoboka. Ushindi ulikuwa wa klabu nzima, ila hospitalini alilala peke yake.

Kuhusu kichwa, ligi hiyo imekwisha kutoa jibu. Tangu mwaka 2021, mchezaji aliyepata mtikisiko wa ubongo hawezi kurejea uwanjani kabla ya siku 12 kupita. Kwa kuwa nusu fainali na fainali hutenganishwa na takriban wiki moja, anayetikiswa katika ile ya kwanza hukosa ya pili moja kwa moja, hata akiapa kwamba yu mzima.

Katika suala hili pia jina la mzaliwa wa Kakuma lilijitokeza. Aliir, aliyehamia Port Adelaide na kuteuliwa katika kikosi bora cha ligi mwaka 2021, aligongana vichwa na mwenzake katika mechi ya Julai 2023, akarejeshwa uwanjani bila kufanyiwa uchunguzi kamili. Klabu hiyo ilitozwa faini ya dola 100,000 za Australia, nusu yake ikisimamishwa.

Mabega, vigimbi na vifundo bado havina kanuni ya aina hiyo. Uamuzi huachiwa mazungumzo kati ya daktari, kocha anayetaka kushinda, na mchezaji ambaye ni nadra kukiri kwamba hawezi. Mazungumzo hayo hayana usawa, na kanuni ya medali huyapotosha zaidi, kwa kuwa humpa mchezaji kila sababu ya kuficha maumivu.

Mashabiki wa Ligi Kuu ya Uingereza wanajua utaratibu tofauti. Huko, mchezaji wa timu bingwa aliyecheza angalau mechi tano za msimu hustahili medali, hata akiwa na magongo siku ya kunyanyua kombe. Wanaopinga utaratibu huo usipelekwe Australia husema kwamba thamani ya medali yao hutokana na siku moja ngumu. Hoja hiyo ina uzito, kwani fainali si msimamo wa ligi. Lakini hata fainali hufikiwa kwa jasho la msimu mzima, na kumtambua aliyeumia akilipigania hakumpunguzii chochote aliyecheza.

Hadi kanuni hiyo itakapobadilishwa, mzigo utabaki kwa kocha. Fainali ijayo itakapokaribia, mashabiki watafanya vyema kuyasoma majina yaliyokosekana sawa na yaliyomo. Aliyerejeshwa kutoka kitanda cha hospitali, je, amepewa kazi ambayo mwili wake unaiweza? Na yule mgeni aliyeitwa ghafla, ni nani katika timu pinzani aliyeletwa kumkabili? Kocha mwenye majibu ya maswali hayo huwa amejiandaa.

Mwenye kuachwa nje naye atavaa suti na kuketi jukwaani. Timu yake ikishinda, atashuka kuwakumbatia wenzake mmoja mmoja, kila mmoja akiwa na medali shingoni.