Rekodi ya Uanzishaji Ikiharibiwa na Virusi: Flashi Inaokoa Nini?

Kompyuta iliyoshambuliwa na virusi ikashindwa kufungua Windows mara nyingi huhesabiwa kuwa imekufa, na fundi huombwa afute kila kitu aanze upya. Uamuzi huo wa haraka huweza kupoteza nyaraka ambazo bado zilikuwa salama ndani ya diski.

Kinachoharibika huwa kidogo mno. Katika diski zenye mpangilio wa zamani, rekodi ya uanzishaji ina baiti 512 tu: maelekezo ya kuuita mfumo endeshi, pamoja na jedwali la mgawanyo wa diski. Virusi vikiiandika upya rekodi hiyo, kompyuta huvitii kabla ya programu yoyote ya kinga kuanza kazi.

Ndivyo ilivyotokea Juni 27, 2017, NotPetya ilipoenea kutoka Ukraine kupitia masasisho ya programu ya uhasibu ya M.E.Doc. Kompyuta ilijizima, ikawaka, kisha ikaonesha ujumbe wa uongo kwamba diski inakaguliwa. Wakati huo huo orodha kuu ya mafaili ilikuwa ikifungwa kwa usimbaji fiche. Aliyezima mashine mara tu alipouona ujumbe huo alikuwa na nafasi ya kuiwasha kwa flashi na kuokoa angalau sehemu ya nyaraka zake. Aliyesubiri hadi lilipotokea dai la dola 300 hakusaidiwa na flashi, wala na malipo. Kampuni ya meli ya Maersk ililazimika kusimika upya kompyuta 45,000 na seva 4,000.

Kwa hiyo mpangilio wa kazi ni muhimu kuliko amri yenyewe. Flashi iandaliwe katika kompyuta safi, kamwe si katika ile iliyoathirika. Mashine ikishawaka kupitia flashi, nyaraka zinakiliwa kwanza kwenye diski nyingine, virusi vinasafishwa, ndipo amri ya bootrec /fixmbr itumike. Amri hiyo huandika upya maelekezo ya kuanzia bila kugusa jedwali la mgawanyo. Jedwali likiwa limeharibiwa, inahitajika kazi nyingine kabisa.

Kompyuta nyingi za sasa hutumia UEFI, na kwazo amri hiyo haina msaada. Aidha, diski iliyofungwa kwa BitLocker haitasomeka kupitia flashi bila ufunguo wake wa urejeshaji, hivyo ufunguo huo utunzwe nje ya kompyuta husika.