Gemu ya Kuchekesha Zaidi Kuhusu Kericho Ilitengenezwa Kanada

Leo nasema kitu kimoja, na mko huru kunitukana kwa komenti: gemu inayoelewa maisha yetu sisi watu wa majani chai kuliko zote nilizowahi kucheza haina hata mche mmoja wa chai ndani. Inaitwa Revenge of the Savage Planet. Ilitoka Mei 2025, imetengenezwa Montreal, Kanada, na inahusu msee aliyevaa suti ya anga anayerukaruka kwa sayari yenye rangi kama za peremende, akisumbua wanyama wa ajabu na kuanguka kwa matope.

Najua unavyofikiria. Subiri kwanza.

Kisa kinaanza hivi. Umeajiriwa na kampuni ya kuchunguza sayari mpya. Umegandishwa ukalala safari nzima, umeamka kwa sayari isiyo na jirani, na kabla hujajinyoosha mgongo unaletewa habari: kampuni iliyokutuma ilishanunuliwa na kampuni kubwa zaidi, na wewe hauhitajiki tena. Kazi imeisha. Vifaa vingi hauna. Nauli ya kurudi Dunia pia hauna. Basi unaanza kuokota vyuma na mawe, unajitengenezea vifaa kimoja kimoja, na unatafuta njia ya kwenda nyumbani ukiwa na hasira.

Mtoto wa Nairobi akiona mwanzo huo atacheka kwa sababu ni upuzi mtupu. Mtoto aliyekulia kambi ya majani chai atacheka pia, lakini yeye anacheka kwa sababu hiyo barua anaijua.

Mamangu alichuna chai miaka kumi na minne kwa shamba moja kubwa huku kwetu, sitalitaja jina. Tulikaa kambini: nyumba ya kampuni, maji ya kampuni, zahanati ya kampuni. Alafu mashine za kuchuna zikaja, kikosi chao kikapunguzwa, na siku moja jina lake likawa kwa orodha iliyobandikwa ukutani. Na huku ukikosa kazi unakosa na paa, kwa sababu nyumba haikuwa yako. Tulipakia kitanda, meza na kuku wawili kwa pikapu tukahamia kwa kogo upande wa Bomet. Barua aliyopewa ilimshukuru kwa utumishi wake mwema. Aliisoma mara mbili, akauliza, "Sasa hii asante tunaipika na nini?"

Tulicheka bana. Tulicheka mpaka kogo akatoka jikoni kuuliza ni nini. Na hapo ndipo naanzia hoja yangu: kicheko cha aina hiyo ni njia ya kusema kitu ambacho ukikisema kwa ukali hakuna atakayekusikiliza, na ukikinyamazia kitakuumiza.

Sasa sikiza waliotengeneza hii gemu walipitia nini, ndiyo uone hawakuokota utani wao hewani.

Sehemu ya kwanza inaitwa Journey to the Savage Planet. Ilitoka Januari 2020, kazi ya studio ndogo ya Montreal kwa jina Typhoon Studios. Humo unafanyia kazi Kindred Aerospace, kampuni inayojigamba kuwa ya nne kwa ubora kati ya kampuni za kuchunguza anga. Ya nne! Bosi wake anakutumia video akitabasamu, wewe huna hata mafuta ya kutosha kurudi. Ukifa, mashine inakuchapisha upya kama karatasi ya mtihani, kisha unaweza kwenda kuuzika mwili wako wa kwanza. Kuna na sauti ya kompyuta inayokukejeli kila ukikosea.

Wakati inatoka, studio ilikuwa imeshanunuliwa. Desemba 2019 Google walitangaza kuichukua, ili iwatengenezee gemu za Stadia, ule mtambo wao wa kucheza kupitia intaneti. Februari 2021, hata miaka miwili haijaisha, Google wakatangaza wanafunga studio zao zote za ndani za kutengeneza gemu. Typhoon ikaenda nazo. Viongozi wake wakaanzisha studio mpya, Raccoon Logic, wakafanikiwa kupata tena haki za gemu yao, wakakaa chini kuandika sehemu ya pili. Na sehemu ya pili inahusu nini? Mfanyakazi ambaye kampuni yake imenunuliwa na kampuni kubwa, akaachwa kwa mataa.

Mimi hiyo naiita kulipa deni kwa kicheko.

Sasa tazama mabango ya barabarani ukitoka Kericho mjini. Brooke Bond walianza kupanda chai hapa mwaka 1924. Baadaye mashamba yakawa ya Unilever. Mwaka 2022 Unilever wakauza biashara yao ya chai, iliyokuwa imeshapewa jina Ekaterra, kwa wawekezaji wa CVC, kisha jina likawa Lipton Teas and Infusions. Mwaka 2024 ikatangazwa kwamba mashamba yanaenda kwa Browns, kampuni ya Sri Lanka, ambao mwaka uliotangulia walikuwa wameshachukua mashamba ya James Finlay. Kogo bado anasema "Brooke Bond" akimaanisha upande mzima ule, na simlaumu. Majina yanabadilishwa huko mbali, kwa meza ambayo hakuna mchuna chai aliyewahi kuiona, na wewe unajua tu ukiona rangi mpya kwa lango.

Kwa gemu ile, Kindred inamezwa na Alta InterGlobal ukiwa umelala. Sisi tulikuwa macho, lakini tofauti ni nini?

Kuna watu wataniambia, "Wewe, gemu ni ya kupumzisha akili, usituletee siasa." Nawaelewa. Lakini fikiria unavyotumia hiyo akili iliyopumzika. Mei 2023 watu walichoma mashine za kuchuna chai hapa Kericho, nchi nzima ikatuangalia kwa wiki moja kisha ikahamia mambo mengine. Simsifu aliyewasha moto, na mashine ya pili ilinunulika kama ya kwanza. Ninachosema ni kwamba kati ya kuchoma na kunyamaza kuna nafasi kubwa, na vijana wetu hawajaambiwa kwamba nafasi hiyo ipo. Kumcheka bosi anayekutabasamia kwa video ukiwa huna nauli ni sehemu ya nafasi hiyo. Ukishamcheka, hautetemeki tena mbele yake. Unaanza kuuliza maswali ya hesabu: nyumba ni ya nani, mashine imeokoa pesa ngapi, na hizo pesa zimeenda wapi.

Hoja ya pili ni ya watu wa kucheza, si ya watu wa siasa.

Gemu nyingi za kucheza pamoja siku hizi zinataka kila mtu awe kwake, na mashine yake, na intaneti yake. Huku kwetu hiyo ni ndoto. Mvua ya saa tisa ikianza, mtandao unaenda kujificha, na stima inaweza kuufuata. Bando ya siku unaikalia kama yai. Journey yenyewe ilikuwa hivyo: wawili mnacheza pamoja, sawa, lakini kwa mtandao tu. Revenge wameongeza kitu ambacho mimi nakipenda kuliko picha nzuri: skrini inagawanywa, mashine moja, padi mbili, kiti kimoja. Rafiki yako yuko bega kwa bega na wewe, unaweza kumpiga kiwiko.

Nilicheza na binamu yangu kwa kibanda cha PS, pale tunapolipa bob ishirini kwa mechi ya mpira. Mwenye kibanda hakujua atutoze vipi, kwa sababu hii haina dakika tisini wala filimbi ya mwisho. Tukaelewana bei ya saa. Nusu saa ya kwanza tulikuwa tunafanya fujo tu. Mmoja anamwaga utelezi, mwingine anaukanyaga na kwenda kuanguka mbali huko, kibanda kizima kinacheka. Alafu ukaja ukingo mmoja mrefu na tukajua lazima tusikizane. "Ngoja hapo." "Vuta." "Si huko wewe, kushoto!" Wasee waliokuja kungoja zamu yao ya mpira wakaacha kulalamika wakaanza kutoa maelekezo. Mara tukawa watu saba tunacheza gemu ya watu wawili.

Sasa mpira wa kwa skrini naupenda, msinielewe vibaya. Lakini mpira ni mimi dhidi yako, na nikishinda unatoka kwa kiti. Kwa hii, nikianguka lazima unisubiri. Ukiwa umelelewa mahali ambapo kila kitu kinapimwa kwa kilo, na kilo zangu na zako haziandikwi pamoja, gemu ya kusubiriana si kitu kidogo.

Haya, nimeisifu vya kutosha. Sasa niichambue.

Kuna kitu kinanikera kwa hizi gemu zote mbili. Wanamcheka bosi vizuri sana, lakini sayari yenyewe wanaichukulia kama stoo. Kila kitu ni cha kupimwa, kuzabwa kofi, kulipuliwa au kuokotwa. Sehemu ya kwanza ina ndege wanene wenye macho makubwa ambao unaweza kuwazaba bila sababu yoyote, na ya pili inakupa kamba ya kunasa wanyama uwapeleke kwa boma lako. Inachekesha, sikatai. Nimewazaba wengi. Lakini mimi ni mtoto wa Kipsigis, na hiki kisa cha mgeni anayetua mahali akasema "hapa hapana mtu" nimekisikia nikiwa bado nanyonyeshwa.

Hii ardhi ya chai ilikuwa na wenyewe. Kipsigis na Talai waliondolewa kwa vilima hivi wakati wa Mwingereza, na mwaka 1934 Talai wakapelekwa uhamishoni Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, kwenye mbung'o na joto. Miaka karibu mia moja baadaye kesi na malalamiko bado yanazunguka mpaka kwa wataalamu wa Umoja wa Mataifa. Sasa kumbuka gemu ya kwanza: kampuni inakutuma uangalie kama sayari inafaa watu kuhamia, wanakuambia haina mtu, na baada ya muda mfupi unaona mnara mrefu ajabu umesimama pale katikati. Nani aliujenga? Gemu inauliza swali hilo, kisha inarudi haraka kwa utani. Ningependa ikae hapo kidogo zaidi.

Kwa sababu sisi tuko pande zote mbili za huo mzaha. Mamangu ni yule mfanyakazi aliyeachwa bila nauli. Babu zetu ni wale ndege walioamka asubuhi wakakuta chombo kimetua kwa malisho yao na mtu mwenye suti anawapima urefu. Waandishi wa Montreal wanajua upande wa kwanza kwa sababu uliwatokea. Upande wa pili hawawezi kuuandika vizuri kutuliko, na sioni haja ya kuwalaumu kwa hilo. Kazi hiyo ni yetu.

Na msiniambie haiwezekani hapa. Andrew Kaggia na Black Division Games yake walishatengeneza Nairobi X, gemu ya viumbe wa anga wanaovamia jiji letu, na ilitoka Kenya hii hii. Hiyo ilikuwa ya bunduki na moto. Mimi nataka ya kuchekesha, ya watu wawili, kiti kimoja. Nishaifikiria mpaka mwisho wa mchezo wa kwanza: chombo kinatua kwa kilima chenye ukungu asubuhi. Wewe na beste yako ni wenyeji, mna miguu minne kila mmoja, na mursik kwenye kibuyu. Mgeni anashuka, anafungua kompyuta yake, anatangaza hapa hapana mtu. Kazi yenu ni kumfanya akosee kila kipimo. Mmoja anahamisha mawe ya mpaka, mwingine anamkaribisha chai. Akienda kulala mnampaka chombo chake rangi mpya na jina jipya. Akiamka hajui tena anafanyia nani kazi.

Kwa hivyo, mwenye kibanda wa Litein, Kapkatet, Sotik, Silibwet, popote ulipo: weka hii gemu Jumamosi moja, kando ya mpira, uone kama wateja watakukimbia. Na wewe unayejifunza kuandika kodi kwa simu iliyopasuka kioo, ingia kwa komenti. Mchoraji tayari ninaye, ni binamu yangu. Jina la gemu bado hatuna, na kogo amekataa tuiite jina lake.